Alimbongo: hukumu ya siku moja, na historia ndefu ya hukumu ya kifo Kongo

Jumatano tarehe 3 Julai 2024, mahakama ya kijeshi ya Butembo ilikuja kuketi Alimbongo, kwenye barabara kuu inayotoka Kanyabayonga kwenda Lubero. Mbele ya majaji walisimamishwa wanajeshi 27 wa FARDC pamoja na wanawake 4 raia, wake wa wanajeshi. Kesi ilianza na kumalizika siku hiyo hiyo. Wanajeshi 25 walihukumiwa kifo kwa kosa la kukimbia adui, kupoteza risasi za vita na kuvunja amri, na pia kuiba mali katika maduka ya raia. Wale wanawake wanne waliachiliwa kwa kukosa ushahidi. Wakili wa wanajeshi alisema watakata rufaa.

Wakati ule watu wa Lubero ya kusini walikuwa na hasira, tena hasira yenye sababu. Kanyabayonga ilikuwa imeanguka mikononi mwa M23 siku tano tu mbele ya kesi, na Kirumba ikafuata. Familia zilijaa barabarani na magodoro kichwani, kuelekea Lubero na Butembo. Mtu aliyeacha shamba lake, kisha akasikia kwamba aliyetumwa kumlinda amevunja duka la jirani, ni vigumu kumwambia amwonee huruma askari huyo.

Lakini hukumu ya kifo ina historia yake katika nchi hii, na wenye kuishi katika vita wanapaswa kuijua kabla ya kuishangilia.

Kamba ya mwaka 1966

Tarehe 2 Juni 1966, miezi michache baada ya Mobutu kuchukua madaraka, wanasiasa wanne walinyongwa hadharani Kinshasa, mbele ya umati mkubwa sana wa watu. Walikuwa Évariste Kimba, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, pamoja na Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Walishtakiwa kwamba walipanga kuipindua serikali. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu haraka haraka, na rufaa haikuwepo.

Leo uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa unaitwa Uwanja wa Mashahidi, na mashahidi hao ndio wale wanne. Serikali iliwaua kama wasaliti, na serikali nyingine ikawapa heshima. Wao wenyewe hawakuwepo tena kuipokea.

Mahakama isiyokuwa na rufaa

Mwaka 1997, chini ya Laurent-Désiré Kabila, iliundwa Cour d'ordre militaire. Mbele ya mahakama hiyo walipita wanajeshi na raia, wakubwa na wadogo, na aliyehukumiwa hakuwa na pahali pa kukata rufaa. Watu wengi walipigwa risasi. Mnamo Januari 2000 aliuawa hata mtoto askari wa miaka 14, nusu saa tu baada ya kesi yake.

Mwaka uliofuata watoto wengine wanne, wa miaka 14 hadi 16, walihukumiwa kifo na mahakama hiyo hiyo. Safari hii habari ilitoka nje mapema. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika barua kwa Rais na kuizungumza kesi kila mahali. Hukumu haikutekelezwa. Watoto wale walipona kwa sababu kulikuwa na siku za kutosha za kusema, na kulikuwa na watu waliosema.

Januari 2003 watu 15 waliuawa Kinshasa. Mwezi huo huo kesi ya mauaji ya Rais Laurent-Désiré Kabila ilikwisha, na Kanali Eddy Kapend pamoja na wenzake wengi wakahukumiwa kifo. Lakini baada ya wale 15, nchi iliacha kutekeleza hukumu hizo. Kapend, ambaye siku zote alikana kosa, alikaa gerezani karibu miaka 20. Alitoka kwa msamaha wa Rais Tshisekedi mnamo Januari 2021. Kama risasi ingetangulia, msamaha huo ungepewa nani?

Miaka 21 ya kungoja

Kusimamishwa huko hakukufuta hukumu ya kifo katika sheria. Mahakama ziliendelea kuitoa, hata hapa kwetu. Watu wa Beni wanakumbuka Novemba 2014, kesi ya mauaji ya Kanali Mamadou Ndala, ambapo ofisa mmoja wa jeshi alihukumiwa kifo. Mwaka 2010 Bunge la taifa lilikataa pendekezo la kuifuta kabisa. Na bado Katiba ya 2006 inasema katika kifungu cha 16 kwamba binadamu ni mtakatifu na kila mtu ana haki ya kuishi. Kifungu cha 61 kinaongeza kwamba haki hiyo haiondolewi hata katika hali ya dharura.

Tarehe 13 Machi 2024, Waziri wa Sheria Rose Mutombo alitia sahihi waraka wa kurudisha utekelezaji. Sababu zilizotolewa ni usaliti ndani ya jeshi na ujambazi wa mijini. Lucha, vuguvugu la vijana lililozaliwa Goma mwaka 2012, lilipinga mara moja na kusema jambo hilo linavunja Katiba. Mashirika ya kutetea haki na mawakili walisema vilevile: katika nchi ambayo wakubwa wenyewe wanakiri kwamba sheria yetu ina ugonjwa, kosa la jaji linahitaji nafasi ya kurekebishwa.

Nani anamsemea askari?

Septemba 2024, watu 37 walihukumiwa kifo Kinshasa kwa jaribio la kupindua serikali la mwezi Mei. Watatu kati yao walikuwa Wamarekani. Nchi yao haikuwasahau. Aprili 2025 hukumu yao ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha, kisha wakarudishwa Marekani.

Askari wa Alimbongo hana ubalozi. Ana mama kijijini, labda mke katika kambi ya wakimbizi, na wakili aliyepewa muda mfupi. Sauti yake ni ile ya watu wa kawaida: kijana wa Lucha, padri, mchungaji, shirika la raia, redio ya mtaa.

Na je, hukumu iliokoa barabara? Desemba 2024 Alimbongo yenyewe ilichukuliwa na M23. Tarehe 31 ya mwezi huo huo, wilayani Lubero, wanajeshi wengine 13 walihukumiwa kifo kwa mauaji, uporaji na woga. Miezi sita ilikuwa imepita tangu wale 25, na mashtaka yalifanana.

Kwa mwaka huo wote wa 2024, Amnesty International haikuandika hata mtu mmoja aliyeuawa kwa hukumu nchini Kongo. Maana yake mlango haujafungwa. Familia yenye mtu aliyehukumiwa itafute jina la wakili wake, nakala ya hukumu, tarehe ya rufaa na gereza alipo, kisha iwaambie watetezi wa haki walio karibu. Aliyeporwa naye ana haki ya kudai mali yake na kutaka wakosaji waadhibiwe kwa kifungo. Tarehe 10 Oktoba kila mwaka ni siku ya dunia ya kupinga hukumu ya kifo. Hata katika kambi ya wakimbizi, inaweza kuzungumzwa.