Gesi haba, gesi adimu
Mfasiri anayeandika “mwani hutoa gesi adimu” anampotosha msomaji. Katika kemia, gesi adimu ni heli, neoni, arigoni na jamii yake, ambazo hazipendi kuungana na elementi nyingine. Tena arigoni si haba hata kidogo, kwani hewani inaizidi hewa ya ukaa zaidi ya mara 20. Zitokazo kwa mwani ziitwe gesi haba, yaani zilizopo kwa kiasi kidogo mno. Mfano ni bromofomu. Mwani mwekundu wa jenasi Asparagopsis, kwa kimeng’enya na peroksidi ya hidrojeni, huchukua bromini ya maji ya bahari na kupachika atomi zake tatu kwenye kaboni moja. Bromofomu huvukia hewani, na bromini yake hushiriki kuharibu ozoni.