Swichi nyekundu: historia fupi ya kuzima pikipiki

Najua wengi wenu huja hapa kusoma habari za programu, seva na hifadhidata. Leo nawaomba tuiache kompyuta kidogo, twende Naivasha, mtaa wa Kihoto, tuzungumze habari za pikipiki. Msinikimbie. Mwishoni tutarudi kwenye programu, na nadhani mtaona kwamba hatukuwa tumetoka.

Swali lenyewe ni hili. Bodaboda iko barabarani, imebeba abiria. Dereva anaachilia mkono wa mafuta ili apunguze mwendo, lakini injini inaendelea kunguruma vilevile. Mafuta yamekwama. Ni kitu gani kitaisimamisha?

Pikipiki nyingi zina swichi nyekundu ya kuzima injini upande wa kulia wa usukani. Kidole gumba kinaifikia bila kuachilia usukani. Swichi hiyo ina historia, na historia hiyo ina somo moja: kitu cha kusimamisha mashine lazima kipite njia tofauti na kitu cha kuiendesha. Njia ikiwa moja, siku ikiharibika umepoteza vyote viwili.

MAFUTA YANAKWAMAJE?

Tuanze na mkono wenyewe. Ukiuzungusha, unavuta waya mwembamba unaopita ndani ya ganda. Waya wa namna hii unaitwa wa Bowden, kwa jina la Ernest Bowden aliyepata hataza yake Uingereza mwaka 1896. Hiyo ndiyo kebo ya mafuta. Upande wa pili, ndani ya kabureta, kebo inainua pistoni ndogo, hewa na petroli zinapita kwa wingi, pikipiki inachanganya. Ukiachilia, springi iliyo juu ya pistoni inaisukuma chini na kurudisha kila kitu mahali pake.

Angalia vizuri hapo. Mkono wako unafungua, lakini anayefunga ni springi. Na springi haina nguvu nyingi. Uzi mmoja wa waya ukikatika na kujikunja ndani ya ganda, springi inashindwa. Vumbi likichanganyika na grisi ya zamani, springi inashindwa. Raba ya mkono ikisukumwa ndani sana hadi ikasugua nyumba yake, springi inashindwa. Na kebo ikipitishwa vibaya, ukikata kona usukani unaivuta na injini inapanda yenyewe.

HAPO ZAMANI

Pikipiki za kwanza hazikuwa hata na hiyo springi ya kutegemea. Mwanzoni mwa karne ya 20 Glenn Curtiss na kampuni ya Indian huko Marekani walikuwa tayari wanatumia mkono wa kuzungusha, lakini Uingereza waendeshaji walitumia vijiti vidogo juu ya usukani kwa miaka mingi. Kijiti ukikisogeza kinabaki pale ulipokiacha. Mikono mingi ya Kimarekani nayo ilikuwa hivyo hivyo: ukiachilia, mwendo ni ule ule. Safari ndefu ilikuwa rahisi kwa namna hiyo, ila ukianguka pikipiki inaendelea na safari bila wewe.

Sasa walizimaje? Njia moja ilikuwa kijiti cha kuinua vali ya moshi: ukikivuta, injini inapoteza mgandamizo na nguvu inakwisha. Njia nyingine ilikuja na magneto, mashine ndogo inayozalisha cheche bila betri. Gottlob Honold, mhandisi wa Bosch, alikamilisha magneto ya volti za juu mwaka 1902. Magneto haina betri ya kukatwa, kwa hiyo kuizima unafanya kinyume: unaunganisha waya wake na chuma cha pikipiki, umeme unatoroka huko, plagi haipati cheche. Kitufe kidogo kilitosha.

Hebu tazama, ndugu msomaji. Vali ya moshi haina habari na kabureta. Magneto haina habari na kebo. Kabureta ikikwama wazi kabisa, injini isiyo na cheche haiwezi kukuendesha. Wale wazee walikuwa na njia mbili au tatu za kusimama, na hakuna hata moja iliyotegemea ile ya kwenda.

SHERIA INAINGIA

Miaka ya 1960 na 1970 pikipiki za Japani zilijaa duniani. Honda CB750 ya mwaka 1969 ilikuwa na kabureta 4, na muda mfupi baadaye Honda waliipa kebo mbili za mafuta: moja ya kuvuta kufungua, nyingine ya kuvuta kufunga. Springi ikishindwa, mkono wako unaweza kusaidia. Bodaboda zetu nyingi zina kebo moja tu, maana kabureta ni moja na bei ni muhimu.

Kisha serikali ya Marekani ikaweka kanuni ya usalama namba 123, iliyohusu pikipiki zilizotengenezwa kuanzia Septemba 1, 1974. Ndiyo iliyoamuru gia ziwe mguu wa kushoto na breki ya nyuma mguu wa kulia. Pia iliamuru mambo mawili yanayotuhusu leo: mkono wa mafuta ujirudishe wenyewe ukiachiliwa, na usukani wa kulia uwe na kizimio cha injini cha ziada. Neno "ziada" ndilo la kushika. Ufunguo ulikuwepo tayari. Sheria ilitaka njia ya pili, iliyo karibu na kidole.

KENYA NA KIHOTO

Bodaboda ilianza kama baiskeli za kuvusha watu mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia. Baiskeli haina injini ya kuzimwa. Mambo yalibadilika mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250. Zikaja za Kichina, nyingi zikiwa na injini za ukoo wa Honda CG125 ya mwaka 1976, zikaja na za Kihindi kama Bajaj Boxer na TVS. Vijana wakapata kazi. Na mafundi wa jua kali wakapata kazi pia, maana kila pikipiki huishia kwao.

Kihoto, kwa Kikuyu, ni haki, au hoja isiyopingika. Mtaa wenyewe uko ukingoni mwa Ziwa Naivasha, na wakazi wake wengi hutegemea vibarua vya mashamba ya maua na biashara ndogo za mji. Kiangazi udongo wa volkano unakuwa vumbi laini linaloingia kila mahali, kebo ya mafuta ikiwemo. Mvua ikija ni matope. Na ziwa nalo limekuwa likipanda: mwaka 2020 maji yaliingia mtaani watu wakahama, na mwaka 2025 yakaingia tena kwa nguvu zaidi, hata watu wakatolewa majumbani kwa boti.

Kwa hiyo hapa kebo inachoka haraka. Dawa sahihi ni kebo mpya, ambayo si ghali ukilinganisha na hospitali. Lakini bodaboda iliyosimama haileti pesa, na mkopo wa pikipiki haungoji. Ndiyo maana utaona kebo ya mafuta iliyotiwa waya wa breki za baiskeli, au ncha iliyokatika ikarudishwa kwa risasi ya kuchomelea. Simlaumu fundi. Anatengeneza kile mteja anachoweza kulipia, na pikipiki inaondoka. Shida ni kwamba waya mnene kidogo kuliko ganda lake, au ncha yenye donge, ni hiyo hiyo springi dhaifu tunaipa mzigo zaidi.

Ukitengeneza mkono wa mafuta kwa namna hiyo, swichi nyekundu ndiyo bima yako. Lakini swichi nayo inaumwa na maji hayo hayo.

SWICHI HUFAJE?

Kuna aina mbili. Ya kwanza inafuata mtindo wa magneto: kuzima ni kuunganisha waya na chuma. Maji yakiingia, yanaunganisha yenyewe, na pikipiki inagoma kuwaka asubuhi. Fundi anachomoa waya, pikipiki inawaka, mteja anafurahi. Ya pili ni ya kukata umeme unaokwenda kwenye mfumo wa cheche. Swichi ikishika kutu, umeme haupiti, pikipiki haiwaki. Fundi anaunganisha nyaya mbili moja kwa moja. Inawaka tena.

Kwa sisi waandishi wa programu tofauti ya aina hizi ni tamu sana. Ile ya pili waya ukikatika, injini inazimika: hitilafu inakupeleka upande wa usalama. Ile ya kwanza waya ukikatika, hakuna kinachoonekana. Pikipiki inakwenda vizuri kabisa, na hutajua kwamba huna swichi mpaka siku utakayoihitaji. Na fundi aliyeunganisha nyaya amegeuza aina ya pili kuwa mbaya kama ya kwanza. Ongeza zile glavu kubwa zinazofungwa kwenye usukani kwa ajili ya baridi ya alfajiri ya Naivasha, ambazo zinaficha swichi isionekane wala kufikika.

Boti zilizowatoa watu Kihoto zina ndugu wa swichi hii. Ni kamba nyekundu iliyozungushwa kama springi, ncha moja kwenye injini, nyingine kwenye mwili wa nahodha. Akianguka majini, kamba inachomoka na injini inazimika. Mei 2013 huko Padstow, Uingereza, familia ya watu 6 ilirushwa nje ya boti, na boti ikaendelea kuzunguka na kuwagonga. Wawili walikufa. Kamba ilikuwepo ndani ya boti, haikuwa imefungwa kwa mtu.

SASA TURUDI KWENYE PROGRAMU

Agosti 2009, California, gari aina ya Lexus lilikwama mafuta kwa sababu zulia la sakafuni lilishika pedali. Watu 4 walikufa. Gari halikuwa na ufunguo wa kuzungusha bali kitufe, na gari likiwa mwendoni kitufe hicho kilipaswa kushikiliwa takriban sekunde 3 ndipo injini izimike. Mtu aliye kwenye hofu hubonyeza mara nyingi haraka haraka. Kitufe kilikuwepo, lakini kilikuwa ombi linalotumwa kwa kompyuta.

Kabla ya hapo kulikuwa na Therac-25, mashine ya mionzi ya hospitali. Mashine iliyotangulia, Therac-20, ilikuwa na vizuizi vya kimashine vilivyozuia mionzi hatari hata programu ikikosea. Kwenye Therac-25 kazi hiyo iliachiwa programu peke yake. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa 6 walipigwa mionzi kupita kiasi, na wengine walikufa.

Nayasema haya kwa sababu bodaboda za betri zimeshafika Kenya. Roam, Ampersand na Spiro ziko barabarani, na ni jambo zuri: hewa safi, hakuna foleni ya petroli. Lakini mkono wa mafuta wa pikipiki ya betri hauna kebo wala springi ya kabureta. Ni kihisio cha sumaku kinachotuma volti, kwa kawaida karibu na 1 ukiwa umeachilia na kama 4 ukizungusha mwisho. Kompyuta ndogo inasoma volti hiyo na kuamuru mota. Waya wa chini wa kihisio ukikatika kwa kutu au matope, volti inaweza kupanda juu kabisa, na kompyuta isiyo makini itadhani umezungusha mwisho. Programu nzuri inaona volti iliyopita kiasi na kukata nguvu. Pia inakataa kuondoka kama mkono haujarudi chini wakati wa kuwasha.

Na kuna kitu kingine kimeondoka: klachi. Kwenye Boxer mafuta yakikwama unabana klachi, gurudumu linaachana na injini, kisha unazima. Pikipiki ya betri kwa kawaida haina klachi. Njia moja ya kusimama imefutwa kimyakimya, na swichi nyekundu imebaki na kazi kubwa zaidi. Kwa hiyo muulize muuzaji: swichi hii inakata umeme wenyewe, au inaiomba kompyuta ile ile inayosoma mkono?

Kwa wenye pikipiki za petroli, majaribio ni ya dakika moja. Washa, acha injini itulie, zungusha usukani mwisho kushoto kisha mwisho kulia: sauti isibadilike. Zungusha mkono wa mafuta na uuachilie: urudi wenyewe kwa kishindo. Kisha zima kwa swichi nyekundu, si kwa ufunguo, na ufanye hivyo kila jioni. Hiyo ndiyo njia pekee ya kugundua waya uliokatika kabla haujakugundua wewe. Mafuta yakikwama ukiwa mwendoni: klachi, swichi, breki.

Na ukimpelekea fundi pikipiki isiyowaka, mwambie swichi aitengeneze, asiiruke. Hayo tu kwa leo. Tukutane tena makala ijayo, turudi kwenye hifadhidata zetu.