Siku Moja Kaifeng: Mji Uliofukiwa na Mto na Misikiti ya Wanawake



Wanaokwenda China kutoka visiwani kwetu wengi huishia Guangzhou. Wanachukua vitambaa, vyombo, viatu vya biharusi na mapambo ya ukumbi, kisha wanarudi. Leo tunakupelekeni mbali zaidi, kaskazini, kwenye mji wa Kaifeng katika mkoa wa Henan, karibu na mto mkubwa wa Huang He, yaani Mto wa Njano. Ni mji wa kale ambao mgeni anaweza kuuzunguka kwa siku moja akiwa na mtembezaji. Sisi tuliufuata kwa sababu moja kubwa: katika mji huu wanawake wa Kiislamu wamekuwa na misikiti yao wenyewe, na walimu wao wenyewe wa kike, kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Kwa hiyo siku nzima tulikuwa na swali moja. Mwanamke wa Kiislamu anaisoma dini yake wapi, na nani anamsomesha?

Asubuhi: mji mkuu wa wafalme wa Song

Ziara huanzia penye majengo makubwa. Kaifeng ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Song tangu mwaka 960 hadi 1127. Wanahistoria wengi wanauhesabu kuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa duniani kwa wakati ule, wenye watu wapatao milioni moja. Mifereji ilileta mpunga kutoka kusini, na masoko yaliwaka taa mpaka usiku.

Kinachobaki cha enzi hiyo juu ya ardhi ni kidogo. Kikubwa ni mnara wa Mabudha unaoitwa Mnara wa Chuma. Si wa chuma. Ni wa matofali, na juu yake vigae vya rangi ya hudhurungi vinavyong'aa, ndiyo maana ukiutazama kwa mbali unadhani ni chuma. Uliokuwepo kabla yake ulikuwa wa mbao, ukaunguzwa na radi mwaka 1044. Huu wa sasa ulijengwa mwaka 1049, una ghorofa 13 na urefu wa kadiri ya mita 56. Umepita matetemeko, vita na mafuriko, na bado umesimama.

Mtu wa Unguja akisimama hapo ana jambo la kukumbuka. Mwaka 1945, Kajengwa, karibu na Makunduchi, lilifukuliwa fungu la sarafu za Kichina, na zilizo nyingi ni za enzi ya Song. Zilifikaje? Bahari ya Hindi ilikuwa njia ya biashara, na fedha ya wafalme wale ilipita mikono mingi hadi kuzikwa kwenye udongo wa kusini mwa kisiwa chetu. Huenda hakuna aliyezishika hapa kwetu aliyewahi kulisikia jina la Kaifeng. Lakini sarafu zenyewe zilifika.

Biharusi wa mwaka 1101

Kabla ya kuingia kwenye habari za Waislamu, tunataka mmjue mwanamke mmoja wa mji huu. Hakuwa Muislamu, ila habari yake inamhusu kila binti anayejiandaa kuolewa. Anaitwa Li Qingzhao, mshairi ambaye Wachina mpaka leo wanamhesabu miongoni mwa wakubwa wao. Aliolewa hapa mwaka 1101 na kijana aitwaye Zhao Mingcheng, aliyekuwa bado mwanafunzi.

Hawakuwa na fedha nyingi mkononi. Baadaye Li Qingzhao aliandika kwamba siku za mapumziko mumewe alikuwa akiweka nguo rehani, halafu anakwenda kwenye soko la hekalu la Xiangguo kununua nakala za maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye mawe, pamoja na matunda. Kisha wanakaa wawili, wanakula na kusoma. Ndoa yao ilijengeka juu ya kusoma pamoja. Hekalu lile lipo mpaka leo, na watembezaji wengi huwapitisha wageni hapo.

Mwaka 1127 maadui wa kaskazini, Wajurchen, waliuteka mji. Mfalme na baba yake walichukuliwa mateka, na maelfu ya watu wa kasri, wanawake wengi wakiwemo, wakapelekwa kaskazini, na wengi wao hawakurudi. Li Qingzhao na mumewe walikimbilia kusini. Vitu walivyoviacha nyuma, vyumba zaidi ya kumi, viliungua. Mwaka 1129 mumewe akafariki. Mkusanyiko wa maisha yao ukaisha kidogo kidogo, mwingine kwa vita, mwingine kwa wizi. Kilichobaki ni kile alichokuwa nacho kichwani, na ndicho alichokiandika.

Mji chini ya mji

Adui mwingine wa Kaifeng ni mto. Huang He hubeba matope mengi mno, yanatuama chini na kuinua kitanda chake, mpaka mto unakuwa juu kuliko ardhi ya pembeni. Unazuiwa na matuta tu. Tuta likivunjika, mji unazama.

Mwaka 1642, mji ukiwa umezingirwa na waasi, matuta yalivunjwa makusudi vitani. Inakadiriwa watu wapatao 300,000 walikufa kwa maji, njaa na maradhi. Mwaka 1841 mto ulifurika tena. Kila mafuriko yaliacha tabaka la udongo, na watu wakajenga juu yake. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta miji sita imelaliana, mmoja juu ya mwingine, na barabara za Song ziko mita kadhaa chini ya miguu ya wapita njia wa leo. Hata sehemu ya chini ya Mnara wa Chuma imefukiwa.

Kwa hiyo mtembezaji anapokuonesha kasri au lango la mji, mara nyingi unatazama jengo lililojengwa upya mahali pa zamani. Hilo si aibu. Ila linakufanya ujiulize: katika mji ambao kila kitu hufukiwa, kitu gani kimeweza kudumu?

Adhuhuri: mtaa wa Wahui

Jibu moja tulilipata mtaani kwa Waislamu. Wachina Waislamu wa sehemu hii wanaitwa Wahui. Chakula cha mchana kilikuwa rahisi kupatikana, kwani maduka yao yana kibao chenye maneno ya Kichina *qingzhen*, maana yake safi na kweli. Ndiyo alama yao ya halali. Usiku wauzaji wa Kihui hupanga meza zao kwenye soko la mji, na kinywaji kimoja mashuhuri hapo ni uji mtamu wa lozi.

Msikiti mkubwa wa mashariki, unaoitwa Dongda, una mapaa yaliyopinda pembeni kama majengo mengine ya Kichina. Lakini ndani ni mihrabu na maandishi ya Kiarabu, na moyo unatulia.

Katika zama za wafalme wa Ming, kuanzia mwaka 1368, Waislamu wa China walizidi kuwa mbali na nchi nyingine za Kiislamu. Vizazi vilipita, lugha ya nyumbani ikawa Kichina, na waliokijua Kiarabu au Kiajemi wakapungua. Watu wakawa wanajiita Waislamu bila ya kujua vyema wanachokisoma katika sala. Katika karne ya 16 mwanachuoni Hu Dengzhou, wa mkoa wa Shaanxi, akaanzisha mpango wa vyuo misikitini ili dini isipotee.

Lakini vyuo hivyo vilikuwa vya wanaume, na baada ya muda watu wakaliona pengo. Mtoto hufunguliwa masikio na mama yake. Mama asiyejua kutia udhu atamfundisha nini binti yake? Ndipo, katika karne za 17 na 18, vikaanza vyuo vya wasichana na wanawake katika mikoa ya kati ya China, Henan ikiwemo. Mara nyingi walimu wa mwanzo walikuwa wake wa masheikh. Vyuo vile, pole pole, vikawa misikiti ya wanawake.

Uchochoro wa Wangjia

Msikiti wa wanawake wa uchochoro wa Wangjia haumo katika ratiba ya kawaida ya watalii. Tuliomba tupelekwe, na mtembezaji wetu akakubali. Ulijengwa mwaka 1820, na unahesabiwa kuwa mkongwe kuliko misikiti yote ya wanawake iliyobaki China. Ni mdogo. Ukiwa na haraka unaupita bila ya kuuona.

Mwalimu wa kike wa msikiti wa namna hii huitwa *ahong*, neno lililotokana na *akhund* la Kiajemi. Ndilo jina lile lile wanaloitwa masheikh wa kiume. Kazi zake zina mipaka inayojulikana. Hafungishi nikah wala hasalishi jeneza. Anasomesha Qur'an, anafundisha twahara na sala, anawaosha wanawake wenzake wanapofariki, na anasikiliza matatizo yao ya nyumbani. Anaposalisha, husimama ndani ya safu pamoja nao, hatangulii mbele. Sisi wa madhehebu ya Imam Shafi hatulioni jambo hilo kuwa geni. Imepokewa kuwa Bibi Aisha na Bibi Ummu Salama, radhi za Allah ziwe juu yao, waliwasalisha wanawake wakisimama katikati yao. Kigeni kwetu ni jengo: msikiti mzima uliokusudiwa wao.

Elimu iliyopita katika vyumba hivi ina alama zake. Sala tano Wahui huziita kwa majina ya Kiajemi, kwa matamshi yao wenyewe: alfajiri ni *bamdad*, adhuhuri *pishin*, alasiri *digar*, magharibi *sham*, isha *khuftan*. Wasiojua kuandika Kichina waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, kama bibi zetu walivyoandikiana barua za Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Na mabiharusi wetu watapenda hili: katika ndoa nyingi za Wahui, binti mwenyewe hutamka neno la Kiajemi *dadan*, yaani "nimetoa", na kijana hujibu kwa Kiarabu kuwa amekubali. Mdomo wa binti wa Kichina, mwaka huu wa leo, unabeba neno lililosafiri kutoka Uajemi.

Mlolongo huu ulikatika mara moja. Miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, misikiti ilifungwa na vitabu vikachomwa. Ilipofunguliwa tena, tangu mwisho wa miaka ya 1970, wanawake wazee waliokuwa wamehifadhi vichwani mwao ndio waliokaa kuwafundisha wengine. Vitabu vilikuwa vimeungua, wao walikuwepo.

Leo hatari ni ya namna nyingine. Malipo ya mwalimu wa kike ni madogo, wasichana wengi wanatafuta kazi mijini, na kanuni za serikali kuhusu mambo ya dini zimekazwa tangu mwaka 2018. Wanaokaa mbele ya mwalimu wengi ni watu wazima. Mwalimu mzee akiondoka bila ya kuacha mwanafunzi, kinachofungwa ni zaidi ya chumba cha kusalia.

Tunarudi na nini?

Dada zetu, hasa nyinyi mnaohesabu wiki kabla ya harusi. Tunajua mnavyohangaika: nguo, hina, ukumbi, picha, chakula. Yote hayo ni furaha na yana nafasi yake. Somo wako atakufundisha mambo ya nyumba na mume. Lakini je, umemtafuta na yule wa kukufundisha hukumu za twahara, haki zako katika ndoa, mahari yako na yanayokuhusu katika talaka na mirathi? Masuala mengine binti anaona haya kumuuliza sheikh wa kiume, basi anaingia katika nyumba yake hayajui.

Wanawake wa Kaifeng walikuwa wachache katika nchi kubwa isiyo ya Kiislamu, na mji wao ulizama zaidi ya mara moja. Hawakungoja hali iwe nzuri. Walitafuta chumba, wakatafuta mwalimu, wakakaa chini wakasoma. Hapa kwetu, alhamdulillah, walimu wa kike tunao, madrasa za jioni za wanawake zipo, na wala hatuhitaji kuvuka bahari. Jioni moja au mbili kwa wiki kabla ya harusi zinatosha kuanzia. Na tumlipe mwalimu wetu vizuri, kama tunavyomlipa mpambaji.

Allah awarehemu walimu wa uchochoro ule, waliokuwepo na waliotangulia, na awajaalie mabiharusi wetu elimu yenye manufaa na ndoa zenye utulivu. Amin.

Wabillahi tawfiq.