Kanisa Lililokua kwa Kugawa: Miaka 120 ya Kanisa Kuu la Ukumbusho, Mombasa

Ukitoka Ndia Kuu ukaiacha Fort Jesus nyuma, ukavuka Treasury Square na kushika Barabara ya Nkrumah, hukawii kuliona kuba. Wageni wengi hudhani ni msikiti. Mchoraji wake, J. H. Sinclair, ndiye aliyekuja kuijaza Unguja majengo ya serikali yenye matao ya Kiarabu, na kanisa hili, lililojengwa kati ya 1903 na 1905, ni miongoni mwa kazi zake za mwanzo. Alilipa sura ya mji uliolipokea.

Parishi ikitimiza miaka 120 hukaa chini kupanga miaka ijayo: paa, vijana, bajeti. Ni vizuri. Ila kabla ya kupanga, tuisome historia yetu sawasawa, kwa kuwa ina jambo ambalo daftari la hesabu halilionyeshi. Eneo lililokuwa chini ya askofu wa Mombasa limekuwa likipungua tangu mwanzo, na kila lilipopungua, ni kwa sababu kazi ilikuwa imefaulu.

Linaitwa la Ukumbusho kwa ajili ya watu watatu. Askofu James Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Mrithi wake, Henry Parker, alifariki mwaka 1888 kusini mwa Ziwa Viktoria. Kasisi Henry Wright, katibu wa shirika la misheni la CMS, alizama ziwani huko Uingereza mwaka 1880. Hakuna hata mmoja aliyefia Mombasa. Tangu siku ya kwanza, basi, kanisa hili lilibeba majina ya watu ambao kazi yao haikuishia hapa.

Ukristo ulikuwa umefika kisiwani kitambo. Watawa wa Kiagostino walikuwa na nyumba yao Mombasa tangu 1597, na Agosti 1631 Wakristo wengi waliuawa Sultani Yusuf bin Hasan alipowaasi Wareno. Ngome ya Fort Jesus ilipoangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698, kanisa lile likatoweka pamoja na Wareno. Lilikuwa limeegemea mizinga mno.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alikuja bila mizinga. Alihamia Mombasa 1844, na Julai ya mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ng'ambo ya maji. Katika mwaka huo wa msiba alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin. Miongo kadhaa baadaye, mmisionari W. E. Taylor naye alifunzwa lugha na ushairi na mwanazuoni wa mjini, Mwalimu Sikujua. Nayataja haya kwa shukrani. Neno la Mungu kwa Kiswahili cha Mombasa lilipitia mikono ya Waislamu wenye elimu, na deni hilo halijafutika.

Krapf alikuwa na mpango mkubwa: vituo vya misheni vilivyofuatana kama mnyororo kutoka pwani, vikate bara zima mpaka upande wa pili. Alichopata ni Rabai, kituo kimoja, alichokianzisha pamoja na Johannes Rebmann mwaka 1846. Rebmann alibaki huko hadi 1875, na akaondoka akiwa kipofu.

Mwaka huo wa 1875 ndipo Frere Town ilipoanzishwa Kisauni, makao ya watumwa waliokombolewa. Kengele yao bado ipo, na mtaa unaitwa Kengeleni. Uongozi wa makanisa ya mwambao ulitoka hasa kwa Waafrika wa Bombay, waliokombolewa utotoni wakasomeshwa India. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, waliwekewa mikono na Hannington mwaka 1885. Miezi michache baadaye Jones alifuatana na askofu katika safari ya Uganda. Hannington alitangulia na wapagazi wachache. Jones akabaki Kavirondo na msafara mkubwa, akingoja mpaka habari za mauaji zilipomfikia. Akawarudisha watu wake pwani. Februari 1886 waliingia Rabai wamechakaa, wamebeba bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi, jina la mtoto aliyezaliwa siku ya kutekwa kwa Sanduku la Agano. Nikitaka kueleza parishi yetu ilianza na nani, humtaja Jones na bendera ile kabla ya maaskofu.

Dayosisi ya Hannington ilikuwa Afrika ya Mashariki ya Ikweta nzima. Uganda ikajitenga, na mwaka 1899 William Peel akawa askofu wa Mombasa. Mwaka 1927 Tanganyika ya Kati ikapata askofu wake. Chuo cha wachungaji kilichoanzia Frere Town kikahamia Limuru 1930. Leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Maseno, Nakuru na Fort Hall zikawa dayosisi mwaka 1961. Mwaka 1964 Nairobi ikajitegemea, na Peter Mwang'ombe akawa askofu Mwafrika wa kwanza wa Mombasa. Taita Taveta ikafuata 1993, na baadaye Malindi. Mnyororo wa Krapf ulikamilika kwa namna ambayo hakuitazamia, na kila pete ilipokomaa Mombasa iliiachia.

Leo waumini huvuka maji kuja kuabudu, wengine kwa feri ya Likoni, wengine kwa Daraja la Nyali, huku nyumba nyingi za kisiwani zikigeuka ofisi. Kishawishi ni kupanga namna ya kuwashikilia. Mimi naomba tupange namna ya kuwatuma. Mpango ulitaje kwa jina kanisa changa la bara ambalo tutalilipia kasisi hadi lijisimamie. Utaje vijana tutakaowasomesha Limuru, hata kama hawatarudi kuhudumu kwetu. Na kazi ya amani tunayoifanya pamoja na masheikh katika Baraza la Viongozi wa Dini la Pwani iwekewe fungu lake, isingoje vurugu kama za Likoni mwaka 1997 ndipo ikumbukwe. Hesabu za paa ziandikwe baada ya hayo.