Theluthi Iliyosikia

Mwaka 1953, Mwingereza Colin Cherry aliwapa watu vipokea sauti vya masikioni: sikio moja maneno haya, la pili mengine. Walitakiwa kurudia kwa sauti maneno ya upande mmoja, wakaweza. Walipoulizwa kuhusu upande wa pili, hawakuweza kusema kwa hakika hata lugha iliyotumika.

Mwaka 1958 Donald Broadbent akaeleza kwamba ubongo una chujio. Huchagua sauti kwa mwelekeo au unene wake. Zilizobaki huzuiwa kabla hazijaeleweka.

Mwaka uliofuata, Neville Moray akachomeka majina ya washiriki katika upande waliopuuza. Takribani theluthi moja waliyasikia. Chujio lilijuaje kuwa ni jina lao, bila kulielewa? Katika miaka ya 1960 Anne Treisman alijibu: chujio halizuii, hupunguza tu makali. Jina lako halihitaji nguvu nyingi kupenya.

Mimi huwafikiria zaidi wale theluthi mbili. Waliitwa, masikio yakapokea, wenyewe wasijue. Kwetu asiyeitika huonekana ana kiburi. Pengine sauti ilimfika, ila yeye hakufikiwa.