Mulungu, Aimu na Asili ya Maovu katika Fikra za Wakamba

Mjadala juu ya kuwako kwa Mungu pamoja na kuwako kwa maovu umezoeleka kuelezwa kama mali ya wanafalsafa wa Ulaya. Tetemeko lililoiangamiza Lisbon mwaka 1755 liliwafanya wengi huko waulize: ikiwa Mungu ni mwema na ana uwezo wote, msiba huu umetoka wapi? Katika Ukambani, msiba wa kulinganishwa na huo ni njaa ya 1898 na 1899, iliyoitwa Ngomanisye. Mvua zilikosekana, ndui ikaandama, watu wengi wakafa. Lakini kwa mila ya Wakamba, msiba wa namna hiyo haukuzusha swali la kama Mungu yuko. Ulizusha swali la nani aliyeuleta.

Tofauti hiyo imo katika lugha yenyewe. Mungu huitwa Mulungu au Ngai, na pia Mumbi, jina lenye asili moja na kitenzi cha Kiswahili kuumba. Chini yake wako aimu, yaani roho za waliokufa; na miongoni mwa walio hai wako wanaotuhumiwa uoi, yaani uchawi. Chanzo cha maradhi na vifo vya ghafla hutafutwa kwa aimu waliosahauliwa au kwa jirani mwenye uoi, na mundu mue, yaani mganga, ndiye aulizwaye. Hata kifo chenyewe hakihesabiwi kuwa ukatili wa Mulungu. Masimulizi yasema alimtuma kinyonga na ujumbe wa uzima. Kinyonga akababaika, na ndege akamtangulia kulitamka neno la kifo. Kifo, basi, kiliingia kwa kosa la usemi.

Mpango huu ulihifadhi wema wa Mungu, lakini haukukosa gharama. Hatia iliyoondolewa mbinguni ilimwangukia jirani. Mwaka 1932 mahakama ya kikoloni iliwahukumu kifo Wakamba 60 kwa kumwua mwanamke waliyemtuhumu uoi, ingawa adhabu hiyo haikutekelezwa.

Wamisionari walileta mpango mwingine. Krapf alifika Kitui mwaka 1849, na Injili ya Marko aliyoitafsiri kwa Kikamba ilichapwa Tübingen mwaka 1850. Mwaka 1895 Africa Inland Mission ilianza kazi Nzaui, katika Makueni ya leo. Kiongozi wake, Peter Cameron Scott, alifariki mwaka uliofuata. Mahubiri yao yalimkabidhi Mungu mmoja mamlaka juu ya yote, na yakaahidi haki katika maisha yajayo. Hapo ndipo swali la Ulaya lilipopata mlango, kwa maana atawalaye yote huulizwa juu ya yote.

John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliichunguza ahadi hiyo. Katika kitabu chake cha 1969 alitumia maneno ya Kiswahili, sasa na zamani, kudai kwamba fikra za jadi hazina wakati ujao wa mbali, akitoa ushahidi wa nyakati za vitenzi vya Kikamba. Ikiwa ndivyo, jibu linaloahirisha haki hadi ahera linaegemea ukuta usiojengwa. Wapinzani wake wamejibu, na kwa haki, kwamba kukosekana kwa umbo la kitenzi si kukosekana kwa wazo.

Okot p'Bitek alikwenda mbali zaidi. Aliwalaumu wasomi wa Afrika kwa kuivika miungu yao mavazi ya Kiyunani, akasimulia jinsi wazee wa Kiacholi walivyoulizwa na mapadre ni nani aliyewaumba. Katika lugha yao swali lilisikika kama kuuliza aliyewafinyanga. Wakamtaja Rubanga, roho inayopinda migongo ya watu. Hivyo mleta maovu akawa jina la Mungu mwema.

Ukambani jina halikupotoka hivyo. Mulungu alibaki Mulungu, ila mzigo wake ulibadilika. Mpango wa kwanza ulimwacha Mungu huru na kumshtaki jirani. Wa pili ulimwondolea jirani mashtaka na kumweka Mungu kizimbani. Atafsiriye jina la Mungu hana budi kutambua kwamba anatafsiri pia jina la mwenye kulaumiwa.