MSIBA USIO NA KABURI: MANGI MELI, NGOMA NA MACHOZI YA OLD MOSHI



Ndugu zangu, wiki hii kijana mmoja wa hapa Moshi ameniandikia: "Shehe, nimealikwa Tsudunyi kwenye kumbukumbu ya Mangi Meli. Kutakuwa na ngoma na maigizo. Mimi Muislamu niende? Si matanga yetu ni siku tatu tu?" Swali lake limenikalia moyoni, na jibu lake si la neno moja. Kaa, tuanzie mbali kidogo.

Meli alikuwa mtoto wa Mangi Rindi wa Old Moshi, yule ambaye Wazungu walimwita Mandara. Rindi alikufa mwaka 1891, Meli akashika nafasi yake angali kijana. Mwaka 1892 Wajerumani wakampandia mlimani wakiongozwa na von Bülow. Wapiganaji wa Meli wakawashinda, na von Bülow mwenyewe akauawa. Mwaka 1893 wakarudi na jeshi kubwa zaidi, safari hii wakamvunja nguvu. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga hadharani pale Old Moshi kwa tuhuma za njama, yeye na wenzake 18, wakiwemo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Siku moja tu, na mlima mzima ukawa na msiba.

Lakini msomaji wangu, kunyongwa si mwisho wa habari. Wazee wanasimulia kwamba kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Usione ni hadithi za kutishia watoto. Miaka ile kulikuwa na mtaalamu wa Berlin, Felix von Luschan, aliyekusanya mafuvu ya watu kwa maelfu kutoka kila pembe ya dunia, eti apime aina za binadamu. Kichwa cha baba wa mtu kikawekwa kwenye rafu na kuandikwa namba!

Mjukuu wa Mangi, Mzee Isaria Meli, alikua akisimuliwa habari hiyo na bibi yake, na kwa miaka mingi akawa anadai kichwa cha babu yake. Mwaka 2018 alisafiri hadi Berlin, akatoa sampuli yake ipimwe vinasaba. Na hapa ndipo sanaa inapoingia. Waliomshika mkono hawakuwa wanasiasa. Ni watu wa jukwaani, kundi la Flinn Works la Berlin, na Konradin Kunze wao. Kundi hilo hilo lilikuwa limeshirikiana na Asedeva ya Dar es Salaam kutengeneza mchezo wenye muziki na ngoma kuhusu Vita vya Majimaji. Kunze na Sarita Mamseri wakatayarisha maonesho ya habari za Meli, yenye filamu ya michoro. Yakafunguliwa Berlin mwaka 2018, yakaja Dar es Salaam, yakapanda hadi Old Moshi kwenyewe. Kilichokuwa kikinong'onwa migombani kikasemwa mbele ya watoto wa waliokitenda.

Sasa turudi kwenye siku tatu. Kweli, Mtume wetu (s.a.w.) alikataza mwanamke kukaa matanga zaidi ya siku tatu, isipokuwa kwa mumewe, miezi minne na siku kumi. Alikataza pia kupiga mayowe, kujipiga mashavu na kuchana nguo. Lakini machozi hakuyakataza. Alipokufa mwanawe Ibrahim alilia, na akaeleza kuwa macho hutoa machozi na moyo huhuzunika.

Mtazame siku ya Uhud. Ami yake Hamza ameuawa na mwili wake umekatwakatwa. Aliumia mno. Safiyya, dada wa marehemu, alipokuja, Mtume alihofia auone mwili ule. Safiyya akasubiri kwa ajili ya Allah, na Hamza akazikwa. Sikiliza neno hilo: akazikwa. Palikuwa na kaburi. Siku tatu zinahesabika pale ambapo maiti amesitiriwa. Kumsitiri maiti ni somo la kale mno. Mtoto wa Adam alifundishwa na kunguru, akajuta kwamba ndege amemtangulia.

Mjomba wangu alipotea baharini nikiwa mdogo, mwili haukuonekana. Mama yangu hakupiga mayowe hata siku moja. Lakini kila Idi, mpaka anakufa, aliuliza kama kuna barua. Ukiniambia mama alivunja sheria ya siku tatu, nitakuuliza: siku ya kwanza ilikuwa ipi?

Atasema mwingine, "Meli hakuwa Muislamu." Sawa, hatumswalii. Lakini Mtume alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoulizwa akajibu kwa kuuliza kama hiyo nayo si nafsi. Na amefundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Basi kuuweka kabatini kwa miaka zaidi ya mia?

Kuhusu ngoma, wanachuoni wana maneno mengi, sitayamaliza hapa. Ila Wahabeshi walicheza na mikuki msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha akawatazama. Ile ilikuwa furaha, najua. Mimi nasema tu kwamba Wajerumani waliandika mafaili, babu zetu walihifadhi kwa nyimbo na miguu. Ukifuta ngoma, umebaki na faili la aliyenyonga.

Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kuwa vinasaba vimeoana na ndugu walioko Tanzania. Fuvu moja likatambuliwa kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Meli halikupatikana.

Kwa hiyo mwanangu, nenda. Kama kuna kutambikia mizimu au pombe inamwagwa, sogea pembeni, usiwatukane wenyeji. Wengi wao ni shangazi na wajomba zetu. Igizo litazame mpaka mwisho. Adhuhuri ikikukuta huko, beba mswala wako. Ukishuka mjini pitia kwangu unisimulie, hasa wazee walivyokaa kimya walipofika kwenye kile kitanzi.

Wallahu aalam.